Kupima Faida na Hatari za Kuweka Bunduki Nyumbani: Mwongozo kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Marekani

Nchini Tanzania, mtu anayetaka kumiliki bastola huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, kisha maombi yake hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama na kuchunguzwa na polisi, na katika kila ngazi kuna mtu anayeuliza silaha inatakiwa kwa sababu gani na mwombaji ni mtu wa tabia gani. Kenya nayo ina Bodi ya Leseni za Silaha yenye mamlaka ya kukataa. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu mzima asiye na rekodi ya jinai huingia dukani, hujaza fomu ya serikali ya shirikisho, rekodi zake hutazamwa kwa kompyuta kwa muda ambao mara nyingi ni dakika chache, na huweza kutoka na bunduki siku hiyo hiyo. Hakuna jirani anayeulizwa, wala hakuna anayetaka kujua kama nyumbani kuna mtoto mdadisi au ndoa inayoyumba. Maswali yanayoulizwa na kamati kule kwetu, hapa hayaulizwi na mtu isipokuwa wewe mwenyewe na wale unaoishi nao. Mwongozo huu umeandikwa ili muyaulize yote kabla pesa haijatoka mfukoni.

Haki yenyewe ipo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya District of Columbia v. Heller, iliamua kwamba katiba inalinda haki ya mtu kuweka bunduki nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Wapo pia watu wenye sababu nzito: mfugaji anayeishi mbali kiasi kwamba askari wa kaunti humchukua nusu saa kufika, mwindaji, au mtu aliyetishiwa maisha na mtu anayemjua. Jambo la kupima ni kama silaha hiyo, ikiingia katika nyumba yako hii, na watu hawa walio ndani yake, itapunguza hatari au itaiongeza.

Andika hofu yako kwa sentensi moja

Chukua karatasi uandike ni tukio gani hasa unalotaka bunduki ikusaidie. Jibu la "usalama" halitoshi, kwa sababu halipimiki. Kama unaogopa kuibiwa ukiwa kazini, bunduki iliyobaki nyumbani peke yake haizuii wizi huo. Kinyume chake, nayo huibiwa, na kati ya 2017 na 2021 bunduki zaidi ya milioni moja ziliripotiwa kuibwa kutoka kwa watu binafsi nchini Marekani. Kama unaogopa kuvamiwa usiku familia ikiwa imelala, hofu hiyo ina msingi, lakini ipe ukubwa wake halisi. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu uvunjaji wa nyumba kati ya 2003 na 2007 zilionyesha kwamba takriban asilimia 28 tu ya matukio yalitokea wakati kuna mtu wa nyumba hiyo ndani, na kwamba mtu wa nyumba alifanyiwa ukatili katika takriban asilimia 7. Hata pale ukatili ulipotokea, mara nyingi mhalifu alikuwa mtu anayefahamika kwa aliyedhuriwa.

Kuhusu faida ya kujilinda, utasikia takwimu zinazopishana sana. Uchunguzi wa simu uliochapishwa 1995 ulikadiria kwamba Wamarekani hutumia bunduki kujilinda takriban mara milioni 2.5 kwa mwaka, ilhali uchunguzi wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu huleta makadirio ya makumi ya maelfu tu. Mimi huegemea ule wa serikali, kwa sababu humuuliza mtu kwanza kama amepatwa na uhalifu ndipo humuuliza alijitetea vipi. Uchambuzi wa takwimu hizo za serikali za 2007 hadi 2011, uliohusu matukio zaidi ya 14,000, ulionyesha kwamba mwathirika alitumia bunduki katika matukio yasiyofikia asilimia 1, na kwamba uwezekano wa kuumizwa baada ya kuchukua hatua ya kujitetea ulikuwa karibu sawa kwa waliotumia bunduki na kwa waliotumia njia nyinginezo. Katika kulinda mali bunduki ilionekana kusaidia, lakini hata hapo haikuizidi silaha nyingine yoyote. Kwa hiyo faida ipo na haifai kukanushwa, ila ni ndogo kuliko inavyohisiwa na mtu aliyeketi gizani akisikiliza mlango ukigongwa.

Mlango huo huo unadai tahadhari nyingine. Mwezi Aprili 2023 huko Kansas City, kijana wa miaka 16, Ralph Yarl, alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea nyumba na kubonyeza kengele isiyo yao. Mwenye nyumba, mzee wa miaka 84, alimpiga risasi kupitia mlangoni. Kijana alipona, na mzee baadaye alikiri kosa mahakamani. Nyumba zetu nyingi zina watu wanaoingia na kutoka saa zisizotabirika: binamu aliyemaliza shifti ya kiwandani saa nane usiku, mgeni aliyefika na basi bila taarifa, kijana aliyesahau ufunguo na kuzunguka dirishani. Kabla ya kununua, hesabu ni mara ngapi katika miezi ya karibuni umesikia kelele usiku, na mara ngapi aliyekuwa nyuma ya kelele hiyo alikuwa mtu wako.

Pitia kila anayelala chini ya paa lako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo vya bunduki Marekani havisababishwi na mgeni aliyevunja mlango. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa risasi nchini humo, na 27,032 kati yao walijiua. Jambo hili wengi wetu hatulitaji, kwa kuwa katika jamii zetu kujiua huonekana aibu inayozikwa pamoja na marehemu, na tunapofikiria bunduki mawazo yetu huenda moja kwa moja kwa jambazi.

Watafiti wa California waliwafuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26 wa jimbo hilo kuanzia 2004 hadi 2016, wakalinganisha walionunua bastola na wasionunua. Wanaume waliomiliki bastola walijiua kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wanaume wasiomiliki, na wanawake zaidi ya mara saba. Mtu anaweza kujibu kwamba huenda walinunua kwa sababu tayari walikusudia kufa. Baadhi yao ndivyo, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya kununua. Lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo vya kujipiga risasi vilitokea baada ya mwaka kupita, wakati ambapo silaha ilikuwa imeshakuwa kitu cha kawaida kabatini. Huzuni ilikuja baadaye na kuikuta inasubiri.

Sababu yake inaeleweka. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa kasi na kupita. Utafiti uliofanywa Houston kwa vijana walionusurika chupuchupu ulikuta kwamba karibu robo yao waliamua na kutenda ndani ya dakika tano. Wengi wanaojaribu kwa njia nyinginezo huokolewa, na takriban tisa kati ya kumi ya walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Anayejipiga risasi, kwa kawaida, hapati nafasi hiyo. Kwa hiyo jiulize kwa uwazi kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kusema amechoka kuishi, anayekunywa pombe kupita kiasi, aliyepoteza kazi au ndoa, au anayeamka usiku akipiga kelele kwa kukumbuka yaliyompata Kivu au Bujumbura. Kama yupo, sasa au hata mwaka jana, ushauri wangu hauna mashaka: silaha isiingie katika nyumba hiyo.

Watoto wanastahili swali lao. Tangu 2020 risasi ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa Marekani walio na umri wa mwaka 1 hadi 19. Mzazi atasema, "Wanangu nimewafundisha, hawagusi." Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta walichapisha jaribio ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Waliwaacha wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba chenye droo. Ndani ya droo moja walificha bastola halisi isiyo na risasi, nao wakatazama kupitia kioo cha upande mmoja. Kati ya wavulana 64, robo tatu waliipata. Kati ya walioipata, karibu theluthi mbili waliishika, na theluthi moja walivuta kifyatuo kwa nguvu ya kutosha kufyatua risasi. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya walioishika au kuifyatua walisema walikuwa wamewahi kufundishwa usalama wa bunduki. Utafiti mwingine, uliofanywa Alabama na kuchapishwa 2006, uliwauliza wazazi na watoto kando kando: kati ya wazazi waliosema mtoto hajui bunduki imewekwa wapi, takriban asilimia 39 walipingwa na maneno ya mtoto mwenyewe. Mtoto anajua ufunguo unakaa wapi. Anajua juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya sanduku la vitenge vya mama. Kama nyumbani kwenu watoto wakubwa ndio wanaolea wadogo wakati wazazi wote wako shifti ya usiku, chukulia kwamba kila kificho kimeshajulikana.

Kisha ndoa. Nalisema bila kuzunguka, kwa kuwa katika familia zetu mambo ya ndani hufichwa mpaka msiba utokee. Watafiti wale wale wa California walichapisha 2022 matokeo kuhusu watu wazima wasiomiliki bastola lakini wanaoishi na mtu anayemiliki. Watu hao waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola; na kiwango cha kupigwa risasi na kuuawa nyumbani na mume, mke au mpenzi kilikuwa takriban mara saba, wengi mno wa waliouawa wakiwa wanawake. Watafiti hawakuona dalili kwamba kuishi na mwenye bastola kunamkinga mtu dhidi ya kuuawa. Kwa hiyo mke aulizwe, na aulizwe peke yake, na mtu anayemwamini, si mbele ya mumewe. Kama kumewahi kuwa na kipigo, kukabwa koo, au tishio la kuua ndani ya nyumba hiyo, mizani imeshaelemea upande mmoja. Sheria ya shirikisho nayo, tangu 1996, inamkataza kumiliki bunduki mtu aliyepatikana na hatia ya ukatili wa majumbani, hata kama kosa lilihesabiwa dogo.

Wazee wasisahauliwe. Babu anayeanza kupotewa na kumbukumbu huweza kumwona mjukuu wake kama mvamizi, na mtu aliyeishi na bunduki miaka mingi hatakubali kirahisi kuiachia. Mazungumzo hayo yafanyike akiwa bado na akili timamu.

Hali yako ya uhamiaji

Mwenye visa ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mtu asiye na hati halali haruhusiwi kabisa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani huweza kununua, lakini anabeba hatari asiyokuwa nayo raia: akipatikana na hatia ya kosa la bunduki, anaweza kufukuzwa nchini, na kosa linaloonekana dogo mbele ya mahakama ya jimbo linaweza kuvunja maisha yaliyojengwa miaka mingi. Fomu namba 4473, inayojazwa dukani, inauliza pia kuhusu bangi, nayo inaeleza kwamba sheria ya shirikisho inaikataza hata pale jimbo linapoiruhusu. Kujibu uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai. Kama hali yako ina utata wowote, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa kalamu, wala usitegemee maneno ya muuzaji.

Majimbo mengi yana sheria zinazomwadhibu mtu mzima ambaye mtoto amefikia silaha yake. Florida ilitangulia 1989. Mwaka 2024 huko Michigan, James na Jennifer Crumbley, wazazi wa kijana aliyewaua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford mnamo Novemba 2021, walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15 kwa vifo hivyo. Mpangaji asome pia mkataba wake wa nyumba, kwa sababu baadhi ya wenye nyumba huweka masharti.

Ukiamua kuiweka, iweke hivi

Familia nyingine itapitia yote haya na bado ikaona sababu yake ni nzito na nyumba yake imetulia. Basi gharama ya sefu iwe sehemu ya bei ya bunduki tangu siku ya kwanza. Asiyeweza kununua vyote viwili kwa pamoja bado hajaweza kununua bunduki. Bunduki ikae bila risasi, ikiwa imefungwa. Risasi zikae mahali pengine, nazo zikiwa zimefungwa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulichunguza kila moja ya tabia hizi nne na kukuta kwamba kila moja inaambatana na upungufu mkubwa wa ajali na wa kujiua kwa watoto na vijana katika nyumba zenye bunduki.

Wengi hukosea kwenye magazini, yaani kikasha kinachobeba risasi. Mtu huchomoa magazini ya bastola, huiona imetoka na risasi zake, na hudhani kazi imekwisha, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu, tayari kufyatuka. Utaratibu ni kuelekeza mdomo wa bastola mahali salama, kuweka kidole mbali na kifyatuo, kuchomoa magazini kwanza, kisha kuvuta bamba la juu nyuma mpaka risasi iliyo ndani iruke, halafu kulizuia bamba hilo nyuma na kutazama ndani ya chemba kwa macho, na kwa kidole kama kuna giza. Baada ya hapo kufuli ya waya, ambayo bunduki mpya nyingi huuzwa nayo, hupitishwa ndani ya bastola hadi itokee pale magazini inapokaa, kisha bastola huingia kwenye sefu iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni, kwa sababu sefu ndogo isiyofungwa hubebwa na mwizi jinsi ilivyo. Namba ya siri isiwe siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba hiyo. Funguo zisikae kwenye ndoana moja na funguo za gari.

Atakayeilalamikia njia hii atasema kwamba sefu inamchelewesha wakati wa kuvamiwa. Ni kweli inachelewesha. Zipo sefu ndogo za kitandani zinazofunguka haraka kwa vitufe au alama ya kidole, na kwa mtu mzima asiyeishi na mtoto wala mgonjwa zinaweza kufaa. Lakini kama sentensi uliyoandika mwanzoni inahitaji bastola yenye risasi chini ya mto, ndani ya nyumba yenye watoto, basi umepata jibu lako, nalo ni kutonunua. Fedha hizo hununua mlango mzito, kitasa cha kuzamisha chuma kwenye fremu, taa zinazowaka mtu akipita na kamera ya mlangoni, vitu ambavyo havimwui mtu wa ndani.

Mafunzo ni sharti kwa kila mtu mzima anayejua namba ya sefu, na yawe ya kufyatua risasi uwanjani chini ya mkufunzi, si ya video peke yake. Pombe ikinywewa, sefu haifunguliwi.

Uamuzi huu pia hupimwa upya. Talaka, msiba, kufukuzwa kazi, mtoto kuingia ujana au ugonjwa wa akili kuanza ni sababu za kuitoa silaha nje ya nyumba siku hiyo hiyo, hata kwa muda. Baadhi ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi hukubali kuitunza. Piga simu kwanza uulize utaratibu, wala usiibebe mpaka mlangoni bila taarifa. Ndugu anaweza kuitunza pia pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Na kama mtu yuko katika hatari ya kujiua sasa, namba 988 hupokea simu na ujumbe saa 24 kote Marekani. Anayepiga simu anaweza kuomba mkalimani.

Hata ukiamua kutonunua, watoto wako watacheza katika nyumba za wengine, na takriban Wamarekani wazima wanne kati ya kumi wanaishi katika nyumba yenye bunduki. Uliza kabla mtoto hajaenda, kama unavyouliza kuhusu mbwa au bwawa la kuogelea. Sema tu: "Mwanangu anashika kila kitu. Je, mna bunduki nyumbani, na imefungiwa?" Wazazi wengi hapa hawaoni ubaya kuulizwa, na yule atakayesitasita, mwalike mtoto wake aje kucheza kwako.